Gunia Lisiguse Chini

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Ukinikuta kwenye uwanja wa mizigo nina kipenga mdomoni, ujue kuna mtu kanikera, na nisikufiche, mara nyingi kanikera kweli. Wapakiaji wananiita Mama Kipenga. Ninao ishirini na wanne, wanaume watupu, na hakuna hata mmoja anayethubutu kunijibu kabla sijamaliza kusema.

Kazi yetu haina maelezo mengi. Malori yanaleta mahindi kutoka mashambani, sisi tunayahamishia kwenye mabehewa, treni inayapeleka kiwanda cha unga, kilometa sitini. Sitini tu! Hapo ndipo maneno yalipoanzia. "Treni ni ya safari ndefu," walituambia watu wa ofisi ya reli. "Kwa kilometa sitini, lori linapakia mara moja, linashusha mara moja, limemaliza. Nyinyi mnashusha, mnapakia, na kule wanashusha tena. Nani ana muda huo?"

Tuliwabembeleza mpaka wakatupa majaribio matatu. Treni fupi ya mabehewa sita, magunia elfu mbili na mia nne. Kichwa cha treni kinaingia saa moja asubuhi, na saa tano kamili kiwe kimetoka, hesabu imetimia. Kikichelewa, kwa kuwa njia ni moja, lazima kisubiri treni ya abiria ipite, na hapo siku imeshaharibika: badala ya safari mbili tunapata moja, na safari moja hailipi hata mafuta. Tukishindwa mara zote tatu, uwanja unafungwa, reli inang'olewa, na sisi wote tunamwaga unga, kazi hakuna tena.

Jaribio la kwanza tulitumia muda wa saa sita badala ya nne. La pili, saa tano na nusu, na hapo nilikuwa nimewakimbiza watu mpaka wengine wakatapika. Mpimaji wa ofisi ya reli, tuliyempa jina la Bwana Saa kwa vile macho yake hayatoki kwenye saa ya mkononi, aliandika andika kwenye karatasi yake, akaikunja. "Alhamisi ndiyo ya mwisho, mama," akasema, akaenda zake.

Jumapili mchana shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akaja kula kwetu. Ni dereva wa lori. Tunamwita Redio, na ukikaa naye dakika mbili hutauliza kwa nini. Baba yangu, ambaye anaishi nasi tangu alipostaafu, alikuwa kwenye kiti chake cha mbao karibu na dirisha, sahani mapajani.

"Shemeji," Redio akaanza, mdomo umejaa, "hebu nikuulize. Gunia likitoka kwenye lori langu mnalipeleka wapi?"

"Ghalani. Linawekwa chini, linapangwa, linahesabiwa, linapigwa chaki."

"Halafu?"

"Halafu linanyanyuliwa, linaingia behewani. Kwani hujui?"

"Najua. Nilitaka ulisikie mwenyewe. Gunia moja mnalibeba mara mbili, halafu mnashangaa mbona mmechoka mara mbili!" Akacheka mwenyewe.

Nikamnyang'anya sahani. Haki ya Mungu, nilimnyang'anya. "Unakuja kula kwa watu halafu unawatukania kazi yao? Toka!"

"Mke wangu, basi," mume wangu akasema. Lakini mimi nilikuwa namwangalia Baba, kwa sababu utaratibu huo wa kuweka gunia chini ni wake.

Miaka thelathini iliyopita, Baba ndiye aliyekuwa karani wa kuhesabu pale uwanjani. Siku moja treni ikafika kiwandani na upungufu wa magunia thelathini na saba. Hayakuonekana mpaka leo. Hakuna aliyemwita mwizi usoni, walimwita nyuma ya mgongo, mwaka mzima, na mimi nilikuwa binti mdogo naletewa maneno hayo shuleni. Tangu siku hiyo akatoa amri: gunia lolote litagusa sakafu ya ghala kwanza, kumi kwa kumi, chaki juu yake, ndipo liende behewani. Kwenye nguzo ya katikati ya ghala akaandika kwa chaki 37, makusudi, kila mtu aione. Ikififia, anaiandika upya. Alipostaafu nikawa naiandika mimi. Na tangu siku hiyo halijapotea hata gunia moja.

Redio aliondoka bila kununa, huyo hajui kununa. Aliichukua sahani yake pale nilipoitua mezani na kumalizia kula uani akiwa amesimama. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa amesema kweli. Lori linasimama upande mmoja wa ghala, behewa upande wa pili, katikati kuna hatua kumi na mbili za sakafu. Hatua kumi na mbili! Na sisi katikati ya hizo hatua tunatua mzigo, tunaupanga vizuri, kisha tunaubeba upya.

Asubuhi ya Jumatatu nikapiga moyo konde. Nilimpelekea Baba chai, nikachuchumaa mbele yake.

"Baba, Alhamisi nataka gunia likishatoka kwenye lori lipite begani moja kwa moja mpaka behewani. Lisiguse chini."

"Na nani atahesabu?"

"Tutahesabu ndani ya behewa. Tabaka moja ni magunia arobaini, matabaka kumi limejaa."

"Kwenye lile giza na vumbi, watu wanakimbizana? Utahesabu magunia au utahesabu migongo?"

"Baba, tukiweka chini hatuiwahi saa tano. Nimewakimbiza, wamekimbia. Mbio zimeisha."

Aliinywa ile chai yote bila kuniangalia. Kisha akasema, "Kwa hiyo miaka thelathini nilikuwa nawachosha watu bure."

"Sikusema hivyo."

"Umesema." Akageuza kiti, akanipa mgongo.

Nilikwenda jikoni nikalia, na sioni haya kulisema. Siku mbili zilizofuata hakunisemesha. Nikimwamkia anaitikia, basi, imeisha hiyo. Lakini uwanja ukifungwa, watu ishirini na wanne na familia zao wataenda wapi? Nikawatangazia wapakiaji: Alhamisi, gunia lisiguse chini.

Alhamisi saa moja kasoro, malori kumi na mawili yalikuwa yamepanga foleni, na la kwanza lilikuwa la Redio.

"Usijidanganye nimekuja kukusaidia, shem," akaniambia kutoka dirishani. "Kule kiwandani foleni inanilaza getini siku mbili. Nikishusha kwako, narudi shambani mara tatu kwa siku. Mkishindwa leo mtanirudisha kulala chini ya lori, na mgongo wangu haupendi."

"Funga mdomo ufungue turubai," nikamjibu, lakini nilifurahi kumwona.

Kichwa kikaingia, mabehewa yakasimama, Bwana Saa akainua mkono. Nikapuliza kipenga. Nikageuka kidogo tu kumwekea Bwana Saa sahihi kwenye karatasi yake. Kidogo tu! Nilipogeuka tena, katikati ya ghala kulikuwa na magunia zaidi ya hamsini yamepangwa kumi kwa kumi, yamenyooka, yanapendeza, na watu wanaongeza.

Nikapuliza kipenga mpaka masikio yangu mwenyewe yakaziba. "Nani kawaambia muweke chini? Nani?"

Wakasimama. Kiongozi wa zamu, pande la mtu tunayemwita Tingatinga, akatazama magunia, akatazama mikono yake. "Mama, nakuapia, mimi sikuweka. Mikono imeweka."

Siku nyingine ningecheka. Tukaanza upya, na baada ya dakika kumi, kwenye mlango wa behewa la nne, wakaweka tena. Niwalaumu vipi? Wengine wameingia kazini wakiwa hawana ndevu na leo wana wajukuu, na kila siku ya maisha yao mzigo umetuliwa pale pale. Mtu anafika hatua ya sita, magoti yanajikunja yenyewe. Huyu nikimfokea, yule anatua. Mpaka saa mbili na nusu tulikuwa hatujajaza hata mabehewa mawili, na Bwana Saa alikuwa ameshaanza kunionea huruma. Huruma ndiyo iliyonitisha.

Hapo ndipo nilipomwona Baba anapanda ngazi za ghala. Amebeba kile kiti chake cha mbao kichwani, chaki imechomekwa sikioni. Alitembea polepole mpaka katikati ya sakafu, chini ya ile nguzo yenye 37, mahali hasa panapotuliwa mzigo. Akaweka kiti. Akakaa. Akanyoosha miguu yote miwili mbele.

"Anayetaka kuweka gunia chini," akasema kwa sauti ile ya zamani ya ukarani, "aniwekee mimi hapa mapajani."

Tingatinga alikuwa amefika na gunia begani, magoti yameshaanza kukunjika. Akamwona mzee. Akanyooka, akamzunguka, akaenda zake behewani. Wa nyuma yake akafanya vivyo hivyo.

"Baba, umekuja," nikasema.

"Nimekuja kuhesabu. Sikuja kukusamehe." Alikuwa ameshainama anachora mistari sita ya chaki sakafuni, mmoja kwa kila behewa. "Kila tabaka likijaa, wapakiaji watangaze. Wewe ingia ukalione kwa macho yako, hata yale yaliyokwisha kujaa, ndipo nipige alama. Usiniambie la kuambiwa. Na hayo mliyoyaweka chini yaacheni mpaka mwisho."

Basi ikawa hivyo. "Tabaka, behewa la tatu!" Naruka ndani, nane kwa tano, arobaini, natoka. "Sawa, Baba!" Chaki inakwaruza sakafu. "Tabaka, la sita!" Nakimbia tena. Mimi niliyekuwa nakimbiza watu, siku hiyo nilikimbizwa mimi, na magauni haya si ya kurukia mabehewa. Watu walikuwa wanampita Baba pande mbili, kushoto wanaokwenda, kulia wanaorudi, wala hawakugongana. Mtu aliyejisahau alikutana na magoti ya mzee akakumbuka. Saa nne, mabehewa manne yalikuwa yamefungwa. Saa nne na nusu, matano.

Yakabaki yale yaliyokuwa sakafuni, na watu walikuwa wamekwisha nguvu. Tingatinga alijaribu kuinua moja, likamshinda. Sijasema kitu, Redio akashuka kwenye lori lake, akavua shati, akainua gunia. Madereva wenzake wakamfuata. Alipita mbele yangu mara nne bila kutoa neno, na mimi nimemjua miaka kumi na miwili sijawahi kumwona amezimika namna ile.

Saa tano kasoro dakika sita nilifunga mlango wa mwisho kwa mikono yangu. Saa tano kamili treni iliondoka, na Tingatinga akakaa chini pale pale alipokuwa.

"Muda mmeupata," Bwana Saa akasema. "Sasa hesabu. Kiwandani watanipigia."

Hakuna aliyekwenda nyumbani. Watu walilala ghalani kwenye sakafu tupu, kofia usoni. Baba hakutoka kwenye kiti. Nilimletea maji, akayanywa. Nilimletea chakula, akakataa. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa chaki, vinagonga gonga goti, na nilijua anawaza nini, kwa sababu nilikuwa nawaza hilo hilo: mara ya mwisho alipohesabu kwa haraka kwa ajili ya treni, walimrudishia upungufu wa thelathini na saba.

Saa nane na nusu simu ya Bwana Saa ikalia. Alisikiliza. Akasema "ndiyo", akasema "ndiyo" tena. Akashusha simu.

"Elfu mbili na mia nne. Hakuna pungufu."

"Rudia," Baba akasema.

"Elfu mbili na mia nne, mzee. Wamehesabu mara mbili. Uwanja haufungwi, malori yenu yaendelee kuja."

Watu walipiga kelele, Redio alirudiwa na sauti yake yote kwa mpigo. Baba hakupiga kelele. Aliinuka, akaiendea nguzo, akaitazama ile namba kwa muda. Kisha akavuta mkono wa shati mpaka kiganjani na kuifuta, polepole, mpaka pakabaki mbao tupu. Nilishika mdomo kwa mikono miwili. Alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu, na hakujaribu kuyaficha.

"Kichwa kinarudi saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa kumi, Baba. Na mabehewa matupu. Safari ya pili."

"Sasa umekaa unalia nini? Puliza kipenga." Akarudi kwenye kiti chake, akanyoosha miguu. "Na waambie mimi sitoki hapa mpaka magoti yao yazoee."