Viatu vya Mguu wa Goretti

Goretti alikua akiambiwa kwamba akiba haiozi, naye akaamini. Ndiyo maana siku Chelagat, bintiye, alipomletea viatu vile, alivipangusa ingawa havikuwa na vumbi, akavirudisha kwenye boksi, akalipandisha boksi juu ya kabati.

Havikuwa viatu vya kuokota dukani. Miaka ya kulima pekupeku ilikuwa imemharibu Goretti miguu, mfupa wa kidole gumba umetokeza nje kama mzizi, na kila kiatu cha Toronto kilimuuma. Basi Chelagat akampeleka kwa fundi mjini. Fundi akapiga magoti, akaichora miguu yake kwenye karatasi, akachonga kalibu za mbao zenye sura ya miguu ile ile, kisha akashona ngozi laini na kutarizi ndani jina la mwenyewe. Goretti aliposikia bei, ilibidi aketi.

"Mwanangu, hiyo si ng'ombe wa maziwa na ndama wake?"

"Ni ng'ombe, Mama. Wewe mvae tu, usimkamue."

Kila Jumapili baada ya misa Chelagat alikuwa akisema, "Mama, vaa viatu vyako twende tukatembee ziwani."

Wakati wa theluji Goretti alijibu kwamba chumvi ya barabarani ingekula ngozi. Theluji ikayeyuka, akasema kuna tope. Jua likawaka, akasema litavipausha.

"Kwani vinangoja harusi ya nani?"

"Yako. Na nikifa, Cherotich atavirithi."

Cherotich, mjukuu, aliinua macho kutoka kwenye simu, akajibu kwa Kizungu kwamba yeye hana miguu kama ile. Walicheka wote. Kisha Chelagat akaenda ziwani peke yake, na Goretti akabaki na slipa zake. Baadaye Chelagat aliacha kuuliza. Goretti alidhani ni uchovu wa kazi ya hospitali.

Mwaka huu Chelagat alipata kazi Calgary, mwendo wa saa nne kwa ndege. Angehama na Cherotich, na Goretti angebaki kwenye nyumba hiyo hiyo ya ghorofa, mtaa wa Scarborough, na mwanawe Cheruiyot. Jumapili ya mwisho, Goretti alishusha boksi, akavaa soksi safi.

"Leo twende ziwani," akasema.

Chelagat aliacha kukunja nguo, akatabasamu kama zamani.

Mguu uliingia nusu, ukakataa. Goretti akautia sabuni, akajaribu kwa kijiko. Tangu aanze dawa za presha miguu yake ilikuwa ikivimba. Kiatu chenyewe kilikuwa bado kinaukumbuka mguu wa zamani. Chelagat akachuchumaa, akasukuma, halafu akaushika tu ule mguu mikononi mwake.

"Ngoja, utaingia."

"Mama. Acha."

Hawakwenda. Masanduku yalikuwa bado hayajafungwa.

Walipokwisha kuondoka, Goretti aliteremsha viatu hadi chumba cha kufulia nguo, akaviweka kwenye meza ambapo wapangaji huacha vitu kwa yeyote mwenye haja. Pale hakuna kinacholala. Hata sufuria isiyo na mpini hupata mwenyewe.

Alipoteremka tena na nguo zake, makoti yaliyokuwa kando ya viatu yalikuwa yamekwenda, na ile sufuria nayo imekwenda. Viatu vilikuwepo, kimoja kimelala ubavu. Sakeena, jirani wa Mombasa, alikuwa akikunja mashuka.

"Mama Chelagat, hebu tazama ngozi hiyo. Kila mtu amevijaribu, hata mimi. Huku vyabana, huku vyapwaya. Ndani pameandikwa Goretti. Wamjua?"

Miaka yote pale jengoni hakuna aliyewahi kumwita Goretti.

Goretti alikigeuza kiatu. Soli ilikuwa safi kama sahani.

"Namjua," akasema. "Ni mtu wa kuweka weka vitu."

"Basi mwambie avivae, maskini. Havitamfaa mwingine."

Goretti aliviweka juu ya kapu la nguo, akaenda kungoja lifti.