Mama Mkwe Kwenye Kiti cha Dereva

Gari lilianza kulia Alhamisi, nyuma upande wa kulia, kila mguu ulipogusa breki. Kilikuwa kilio chembamba cha chuma kusuguana na chuma, na kiliwageuza shingo wapita njia.

Fundi cherehani, ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano kwa ajili ya kazi yake na wembamba wake, alikuwa na dawa moja tu ya kelele za gari: kuongeza sauti ya redio. Lakini wiki ile mama mkwe wake alikuwa mgeni wao. Alikuja kumwona mjukuu aliyeanza kutambaa, na Jumapili bintiye alipaswa kumrudisha kwake, ng'ambo ya mlima.

"Gari linalolia mimi sipandi," alisema mama mkwe. "Ikiwa lenyewe linaogopa, mimi ni nani?"

Fundi magari wa mtaani alikuwa safarini. Sindano akanunua pedi mpya za breki za nyuma, akatangaza kwamba atazibadilisha mwenyewe.

"Umewahi?" aliuliza mkewe, ambaye ni nesi.

"Nimemwona fundi akifanya."

"Na mimi nimemwona daktari akipasua watu."

Hata hivyo, kilichomsumbua Sindano hakikuwa breki. Tangu aoe, alikuwa hajawahi kukaa na mama mkwe wake wakazungumza. Hawakuwa na ugomvi. Heshima tu ndiyo iliyowazidi kimo. Mama mkwe akiingia sebuleni, Sindano hukumbuka kitambaa alichokiacha mezani pa cherehani, akatoka. Akimwamkia, huiamkia sakafu. Na sasa mama mkwe aliomba kiti, akakaa barazani kutazama.

Sindano alilegeza nati za tairi gari likiwa bado chini, akaweka mawe kwenye tairi za mbele, akalipandisha kwa jeki na kusukumia gogo nene chini yake. Tairi likatoka bila shida. Lakini kalipa, lile bano la chuma linalozikandamiza pedi kwenye diski, halikutaka kuachia. Alilivuta, akalitikisa, akalibembeleza. Mkewe akapita na beseni la nguo.

"Hendibreki umeiachia?"

Sindano alikwenda kuiachia, akarudi, na kalipa likachomoka kama jino la mtoto. Pedi ya zamani ilikuwa imelika hadi kwenye bati.

Mpya ilikuwa nene, haikuingia. Alijua sababu: pistoni, kile kikombe cha chuma kinachosukuma pedi, ilikuwa imetokeza nje na lazima irudishwe ndani. Akaibana kwa klampu. Haikusogea. Akaongeza nguvu, klampu ikateleza na kumchubua vidole. Akakaa chini, vidole mdomoni, akitamani ardhi ipasuke.

Aliposikia ndala zikimjia, hakuinua kichwa. Mama mkwe alimwekea kikombe cha maji, kisha akachuchumaa kando yake, akaionyesha pistoni kwa kidole.

"Mbona hiki kimekatwa-katwa usoni?"

Sindano akaangalia. Kweli, uso wa pistoni ulikuwa na mikato miwili inayoelekeana. Aliitazama kwa muda, kisha akacheka peke yake.

"Ni kama skrubu ya cherehani, mama. Hii haisukumwi. Inazungushwa."

Akachukua koleo, akaingiza ncha zake kwenye mikato, akazungusha huku akikandamiza. Pistoni ikaanza kuzama, kidogo kidogo. Mama mkwe akamshikia tochi bila kuombwa. Walipohamia upande wa kushoto, alikuwa anampa spana kabla hajanyoosha mkono, na kumsimulia jinsi mkewe alivyokuwa mtundu utotoni. Mambo mengine mkewe hakuwahi kuyataja.

Tairi ziliporudi, ilibaki kukanyaga breki ili pistoni zizifikie pedi mpya. Nesi alikuwa ndani akimlaza mtoto.

"Mama, nisaidie. Panda hapo kwa dereva."

"Mimi?"

"Wewe. Kanyaga pedali ya katikati, taratibu."

Alivua ndala, akapanda. "Imezama yote," alisema kwa wasiwasi.

"Ndivyo inavyoanza. Rudia."

Akarudia, akarudia tena. "Sasa imekuwa ngumu. Inanikataa."

"Basi imepona."

Sindano akaangalia mafuta ya breki kwenye kichupa chake, akafunga boneti. Mama mkwe hakushuka. Mikono yake ilikuwa juu ya usukani.

"Baba mkwe wako alikuwa na gari," alisema. "Nililiosha miaka yote ile. Upande huu sikuwahi kukaa."

"Kaa tu, mama. Hakuna anayekufukuza."

Akaegemea dirisha na mikono yake myeusi kwa grisi, wakaongea mpaka kivuli cha nyumba kikalifikia gari. Mkewe alitoka, akawaona, akarudi ndani kwa kunyata.

Jumapili, kabla ya safari, nesi alilizungusha gari mtaani, mama yake kando. Breki kimya.

"Simama," alisema mama mkwe. Likasimama. "Tena." Likasimama tena, bila hata mnong'ono.

"Mama, hivi tutafika kweli?"

"Tena kidogo."

Jumatatu simu iliita. Nesi aliipokea, akasikiliza, akampa mumewe huku akijizuia kucheka. "Si mimi ninayetakiwa."

Sindano alikaa vizuri kitini, akasukuma kitambaa pembeni.

"Mwanangu," ilisema sauti ya upande wa pili, "mtu mwenye miguu mifupi, klachi huwa anaifikiaje?"