Mijusi Wangu Hawakuwa Wagonjwa

Nianze kwa kusema wazi: mijusi wangu walikuwa wazima. Mtu akikwambia vingine, basi hakuwapo siku ile, au alikuwapo na akanunua, na wote walionunua wanasema uongo bila kujua.

Naitwa Darla Kessinger. Naishi hapa Ohio, katika mji ambao kama hulimi mahindi, basi unamuuzia kitu anayelima mahindi. Siku za kazi nakaa mapokezi kwa daktari wa meno. Muda wangu mwingine wote ulikuwa wa kile chumba chenye joto nyuma ya jikoni, nilikofuga mijusi wa madoa, wale wenye mkia mnene na sura ya mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamtosha. Merle, mume wangu, hakuwahi kulalamika. Lakini mama yake akavunjika nyonga, akawa hawezi tena kupanda ngazi, na chumba cha chini katika nyumba yetu ni hicho kimoja tu.

"Mama anakuja kesho kutwa," Merle akaniambia. "Mijusi au mama, mwenzangu. Na mama hawezi kulala kwenye boksi."

Mijusi wawili wazazi nikaruhusiwa kuwaweka juu ya friji. Watoto wao kumi na wawili ilibidi waondoke, na bahati nzuri siku iliyofuata kulikuwa na maonyesho ya nyoka na mijusi, kwenye ukumbi ule ule wa wilaya ambamo kila kiangazi wanashindanisha nguruwe. Ukiingia hata wakati wa theluji bado unawasikia nguruwe puani. Nikalipia meza, nikapanga vikopo vyangu vya plastiki vyenye matundu, kila kimoja na karatasi safi chini, na kopo la funza pembeni ili mteja akitaka kuona mjusi anakula, aone.

Meza ya jirani ilikuwa ya Rusty Plunkett.

Rusty namjua, kila mtu anamjua. Mijusi wake wamekonda hadi mikia imekuwa kama kalamu, macho yamezibwa na ngozi kuukuu, na vikopo vina kinyesi cha tangu juzi. Alitazama meza yangu akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu anayemwonea huruma mwanafunzi mzito.

"Dada Darla, wamenona mno hawa," akasema. "Nani atanunua? Nimesikia mama mkwe anakuja. Sasa sikiliza. Wakibaki, tukifunga nitawachukua wote kwa mkupuo, usihangaike kuwarudisha. Ila itabidi kwanza wafunge kidogo."

Hakuwa anatania. Mjusi mzima akifika kwa Rusty hapewi chakula mpaka akonde, ndipo anawekwa mezani. Utauliza kwa nini mtu aue kwa njaa bidhaa yake mwenyewe. Kwa sababu anatujua. Sisi watu wa mijusi tuna ugonjwa wetu. Tukimwona mnyama mzima tunasema mzuri, tunapita. Tukimwona aliyekonda, miguu yake inatetemeka, mioyo yetu inayeyuka: huyu lazima nimwokoe. Basi tunamtukana muuzaji, tunamlipa muuzaji, tunatoka tumejaa fahari kifuani. Naye muuzaji anainama chini ya meza, anatoa aliyekonda mwingine, anamweka pale pale.

Kwa hiyo mjue nilichokuwa nakiogopa siku ile. Si kurudi na mijusi. Ni kuwaacha kwa Rusty.

Asubuhi nzima watu walipita mbele yangu. Mama mmoja aliyevaa sweta lenye picha ya kinyonga aliinama akamwangalia Biskuti, mjusi wangu bora kuliko wote, mjusi jike anayekuja mwenyewe mkononi ukimwita.

"Anakula?"

Nikampa funza. Biskuti akamdaka, akajilamba macho.

"Ngozi safi, mkia mnene, pua haina mapovu," yule mama akasema, kama anasoma ubaoni. "Huyu hana shida yoyote." Akanitabasamia. "Atapata mtu tu huyu." Akaenda kwa Rusty, akatoka na kitu kinachofanana na kijiti, analia.

Niliisikia hiyo "atapata mtu tu" mpaka nikataka kumpiga mtu.

Mchana Gordon Fenstermaker akapanda jukwaani. Gordon ni mwenyekiti wa chama chetu, fundi bomba mstaafu, mtu mwema, na kila maonyesho anatoa somo lile lile: namna ya kununua mnyama mwenye afya. Angalia macho. Angalia sehemu ya haja kama ni safi. Mwambie muuzaji amlishe mbele yako. Mnyama mpya akae peke yake karantini, mbali na wengine. Halafu akanyanyua kidole. "Na kubwa kuliko yote, msinunue kwa huruma. Ukimnunua mgonjwa unampa mkatili mtaji." Ukumbi ukapiga makofi. Watu waliandika. Nikajisemea, Darla, jipange, wanakuja.

Wakaja. Wakapita. Wakaenda kwa Rusty kumwonyesha kwamba wameelewa somo. "Unajua wewe ni mkatili?" mmoja akamuuliza huku anafungua pochi. "Najua, mama," Rusty akajibu kwa unyenyekevu. Gordon mwenyewe nilimwona akitoka pale na kikopo kakifunika kwa kofia.

"Mwenyekiti," nikamwita. "Hata wewe?"

"Mimi ni tofauti, Darla. Mimi nina ujuzi." Akatazama meza yangu iliyojaa. "Wako wazuri sana. Watapata watu tu."

Alasiri ikafika sijauza hata mmoja. Nikaanza kuwahesabia mijusi wangu njaa yao, nani ataivumilia na nani ataanguka kwanza. Rusty alikuwa ameshakunja kitambaa chake na kuniletea boksi tupu, akaliweka karibu na mguu wangu. Nilitaka kulipiga teke.

Ndipo Gordon akarudi kwenye kipaza sauti kutangaza bahati nasibu. Spika yenyewe ilikuwa imening'inizwa juu ya kichwa changu. Alipoiwasha ikapiga ukelele wa kutoboa masikio, na Biskuti, aliyekuwa mkononi mwangu, akashtuka akafanya wanachofanya mijusi wote wakishtuka: akauacha mkia. Ukaanguka mezani, ukawa unajinyonganyonga na kurukaruka peke yake.

"Mungu wangu," mtu akasema. "Umemfanya nini?"

"Ni spika," nikasema. "Ni kawaida yao. Haumii sana, utaota mwingine baada ya muda, mfupi na mbaya kidogo kama kitunguu."

Nani alinisikiliza? Walishakusanyika. Kijana mwenye nyoka shingoni akasema mimi nimeubana. Mwingine akauliza mbona hawa wengine wamelala. Nikajibu ni mchana, mijusi hawa hukesha usiku na kulala mchana, kila mtu katika ukumbi huu anajua. Lakini ghafla hakuna aliyejua. "Wamelegea," mmoja akasema. "Kawapa dawa." "Na unene huu si bure, ni maji mwilini."

Mzee mmoja mwenye kofia yenye nembo ya trekta akachukua kikopo cha kwanza. "Huyu naondoka naye," akaniambia. "Hustahili kufuga hata inzi." Akanitupia dola zangu mezani.

Nilifungua mdomo nimtetee mtu mmoja aliyekuwa ananihusu, yaani mimi. Halafu nikaona mzee anavyoshika kikopo kile, kwa mikono miwili, anakipulizia pumzi kukipa joto. Nikafunga mdomo.

"Huyu kala lini?" mama mwingine akaniuliza.

Mjusi alikuwa bado anatafuna.

"Sikumbuki," nikasema.

Basi ikawa ndiyo nimefungulia bomba. Wakanisogelea. Wakaniita muuaji, wakaniita aibu ya wilaya, mmoja akaniuliza kama mama yangu anajua ninachofanya, na kila aliyemaliza kuuliza alikuwa na pesa mkononi. Mimi nawaitikia tu. Ndiyo, nawanywesha maji ya bomba yenye dawa. Ndiyo, taa ya joto iliungua, sijanunua nyingine. Nilidanganya mpaka nikaanza kuifurahia kazi, Mungu anisamehe.

Na katikati ya matusi nikagundua kitu. Alikuja jamaa mmoja anacheka, akanitukana kidogo, kwa uvivu, halafu akaomba nimpunguzie. Nikamwambia huyu hauzwi. Akaja msichana wa duka la rangi, mikono yote ina madoa, kakasirika mpaka anashindwa kupumua, na katikati ya kunilaani akaniuliza joto la usiku liwe kiasi gani. Huyo nikampa wawili. Kuanzia hapo nikawa napima kwa matusi. Aliyenitukana kwa mazoea tu, hapati. Aliyenitukana kutoka tumboni, namfungia kikopo mwenyewe na kumwekea funza wa wiki nzima, nasingizia ni takataka nataka kuzitoa.

Rusty alisimama kando kakunja mikono kifuani. Nadhani alikuwa ananiheshimu kwa mara ya kwanza, na heshima hiyo ilinichefua.

Gordon akaja. Watu wakampisha. Alimwangalia Biskuti na kile kisiki chake, akaniangalia mimi.

"Miaka yote hii, Darla," akasema polepole. "Nilikuwa nakutaja wewe kwa wanachama wapya. Nikiwaambia, nunueni kwa Darla."

Hapo iliniuma kweli. Tumekula naye, mke wake alipolazwa nilimpelekea chakula. Ningeweza kumwambia, Gordon, ni spika yako, na mijusi hawa umewatazama leo mchana ukasema ni wazuri. Lakini walikuwa wamebaki watatu, na watu waliokuwa nyuma yake walikuwa wananisikiliza.

"Sasa umenijua," nikamwambia.

"Mwakani hupati meza. Wala mwaka ule mwingine."

"Sawa, mwenyekiti."

Watu wakapiga makofi, na mijusi wawili wakanunuliwa hapo hapo.

Akabaki Biskuti. Walinzi walishaanza kuzima taa za upande wa pili, watu wanakunja meza. Niliwakatalia wanne waliomtaka, wote walikuwa na hasira ya kawaida tu. Rusty akasogea, sasa anatabasamu.

"Dada, huyo nipe mimi. Asiye na mkia? Huyo ni dhahabu. Huyo naweza kumuuza, wakamrudisha, nikamuuza tena."

"Subiri," nikasema, ingawa sikujua nasubiri nini. Kesho mama mkwe angelala pale alipozaliwa Biskuti, na juu ya friji palishajaa.

Ndipo akaja bibi mmoja mfupi, koti la mvua, viatu vya mpira. Nilimfahamu kwa sura: Wilma Trautman, aliyekuwa akipika chakula shuleni, ambaye watoto wa mji mzima waliogopa mwiko wake. Hakupiga kelele. Alisimama akamtazama Biskuti muda mrefu, akauangalia ule mkia uliokauka mezani, halafu akaniangalia mimi usoni.

"Una watoto?" akaniuliza.

Mimi na Merle tulihangaika na hilo ujana wetu wote, kwa madaktari wa hapa na wa mbali, mpaka siku moja tukakubaliana tusiliongelee tena. Sikuwa nimeulizwa swali lile miaka mingi.

"Hapana, mama," nikasema. "Sikujaliwa."

"Mungu anajua anachofanya," Wilma akasema.

Hata Rusty alitazama chini. Siku nzima sikuwa nimetukanwa kutoka tumboni kama pale. Kisha nikamchukua Biskuti, nikamfunga kikopo, nikakishika kwa mikono miwili nikamkabidhi Wilma, pamoja na funza waliobaki na kitambaa chenye joto. Alitaka kunilipa, nikakataa. Alimwingiza kwenye koti, upande wa kifua, akafunga zipu hadi katikati ili apate hewa, akaondoka bila kunishukuru. Sijawahi kumkabidhi mtu mjusi nikiwa na uhakika kiasi kile kwamba mjusi atakula.

Halafu nikaenda chooni nikalia, na nilipotoka nikamrudishia Rusty boksi lake, tupu.