Daftari la Mvua la Osire

Stoo ya pamba ya Nagongera ilikuwa imefagiliwa asubuhi, lakini nyuzi za pamba hazifagiliki. Zilielea hewani, zikapita kwenye miale iliyochungulia kupitia matundu ya mabati, zikatua polepole mabegani mwa watu na juu ya kofia ya Bwana Ekaju, mwenyekiti wa halmashauri. Alaso aliketi karibu na mlango, akazitazama mpaka akaona kana kwamba stoo nzima imezama majini na watu wanaongea wakiwa chini huko.

Ilikuwa Novemba 1964. Tangu alfajiri ukungu ulikuwa umelikata jabali la Tororo katikati, na kipande cha juu kilining'inia angani peke yake.

"Mwenyekiti," alisema Egau, mkulima wa pamba, "barabara nafungwa siku tisa. Pamba nalowa nyumbani. Halmashauri nafanya nini?"

"Barabara ni ya udongo," Ekaju alijibu. "Lori moja likipita siku ya mvua linaacha handaki, na handaki linataka greda. Greda letu ni moja kwa wilaya nzima, nalo limeharibika. Serikali kuu imepunguza fungu letu. Nilipaswa kuchagua kati ya dawa za zahanati na greda. Nimechagua dawa."

Wanjala, mchuuzi wa samaki kutoka Busia, aliinuka. "Bwana Mwenyekiti, samaki wangu wamekaa kwenye boriti lenu siku tano. Wangejua, wangeogelea! Na huyo mlinzi anajuaje siku ya kufungua? Anaota?"

Watu walicheka. Alaso hakucheka. Boriti lilikuwa gogo la kuziba barabara wakati wa mvua, na ufunguo wake ulikuwa shingoni mwake, chini ya gauni. Kila siku, saa tatu asubuhi, alisoma maji kwenye kipimamvua na kuandika pointi zake, mia kwa inchi moja. Kisha alikanyaga barabara kwa kisigino. Alama ikijaa maji, boriti halifunguliwi. Asubuhi hiyo alama haikujaa, akafungua kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa.

"Haoti," alisema Ekaju. Mbele yake palikuwa na madaftari ya mvua ya walinzi wa maboriti, yaliyokusanywa wiki iliyopita. "Walinzi wako kumi na wawili, naweza kubakiza wanne. Nimesoma madaftari yote. Wengine wameandika mvua ya mwezi mzima kwa kikao kimoja. Hili hapa halijaruka siku hata moja tangu mwaka wa sitini. Osire wa boriti la Nagongera anabaki. Asimame tumwone."

Karibu kila mtu mle ndani alikuwa amehudhuria mazishi ya Osire.

"Kama hayupo, nafasi nampa mwingine," alisema Ekaju.

Alaso aliwaza watoto wake wanne. Akasimama.

"Osire alifariki, Bwana Mwenyekiti. Mimi ni mke wake, Alaso. Alinifundisha kazi alipoanza kuugua."

"Alifariki lini?"

"Machi tarehe kumi na tisa, mwaka wa sitini na mbili."

Ekaju alirudisha kurasa nyuma. "Siku mliyomzika?"

"Ishirini na moja."

"Mvua ilikuwa kiasi gani?"

"Pointi sitini na nne."

Kidole cha Ekaju kilishuka kwenye ukurasa, kikasimama. Namba ilikuwa ileile.

"Na boriti?"

"Nilifunga."

"Kweli kabisa," Egau alidakia. "Jeneza natoka hospitali kwa lori, huyu mama nakataa kufungua. Mume wake mwenyewe! Sisi nabeba kwa bega maili mbili, matope mpaka hapa."

Alaso aliiona tena siku ile: mvua nyeupe, wabebaji wasioonekana miguu, na jeneza likienda juu ya matope kama linaelea.

Wanjala alivua kofia. "Basi samaki wangu ni nani," alisema chinichini.

"Mama," alisema Ekaju, "umetia sahihi ya marehemu miezi thelathini na miwili. Hilo ni kosa. Nitalieleza kwenye kikao cha halmashauri, na kikao kinaweza kukukataa."

"Ndiyo, Bwana Mwenyekiti."

"Lakini orodha ya kupeleka huko naiandika mimi." Alifungua kalamu, akamkata Osire kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika Alaso juu yake. Wino ulikuwa haujakauka mvua ilipoangukia mabati, na sauti zote zikapotea. Alimpa Alaso daftari, akainama karibu ili asikike. "Gari langu liko upande huu wa boriti, na nyumbani kwangu ni ng'ambo."

"Basi litalala hapa," alisema Alaso, akatoka mbio kwenda kufunga.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, alipima pointi sabini na moja. Aliandika, na kwa mara ya kwanza akatia sahihi kwa jina lake. Kisha akakanyaga barabara. Ekaju alikuwa amesimama kando, viatu mkononi, akitazama alama ya kisigino ikijaa maji.