Salamu ya Faradji

Mimi Placide ndiye niliyemuua Faradji, na nilimuua nikiwa nimekaa kwenye kiti, kikombe cha chai pembeni. Viatu vyangu havikupata hata tope.

Ilikuwa mwezi wa tatu wa 1960, miezi miwili kabla ya kura. Gazeti letu dogo la Kasongo lilikuwa na njaa ya habari. Mfanyabiashara mmoja aliyeshuka kwenye kamyo kutoka Kabambare aliniambia kwamba wafuasi wa vyama viwili wamepigana kwenye kivuko cha Luama, watu wameanguka majini, na mmoja wao, fundi cherehani aitwaye Faradji, hajaonekana. Hajaonekana, alisema. Mimi nikaandika amekufa. Nikaongeza kwamba alikufa ameshika bendera ya chama cha Jembe, na kwamba neno lake la mwisho lilikuwa uhuru. Nani alilisikia? Mimi, kwenye kiti changu.

Makala ile ilinipa jina. Hippolyte, mgombea wa Jembe, aliisoma kwenye kila mkutano, na wanaume wazima wakatoa machozi. Nikipita sokoni, watu walinipisha. Nakiri kwamba nilipenda.

Mwisho wa mwezi wa nne, saa sita mchana, mtu mwembamba aliyechechemea aliingia ofisini akanisalimia. Nikaitika, nikampa kiti. Ndipo akaniambia jina lake.

Maji yalimchukua mbali, alieleza, mguu ukavunjika, wavuvi wakamtunza zaidi ya mwezi. Aliporudi Kabambare alikuta gazeti limemtangulia. Ndugu zake walikuwa wamekata mgomba, wakauvika kanzu yake na kuuzika, kama wanavyofanya kwao mtu akipotea na maiti isipatikane. Shehe alikataa kuuswalia mgomba, wakauzika bila yeye. Mkewe Safi alikuwa ndani, akikaa eda. Na mgomba ule ulikuwa umechipua juu ya kaburi, jani moja bichi, limesimama wima.

"Ule mugomba unaota, basi wanasema mimi iko mule ndani," alisema. "Kila mutu ninamusalimia, hakuna mwenye kuitika. Wanasema ukimuitika mufu, utamufuata. Hata Safi. Ninapiga hodi, ninasikia anapumua nyuma ya mulango, lakini hasemi kitu."

Nilimtazama miguu, nikiwa na haya kwa kufanya hivyo. Ilikuwa na vumbi, kama miguu ya mtu yeyote aliyetoka safari.

Alichotaka hakikuwa kikubwa. Asani, baba yake mkubwa, alikuwa ametoa neno: gazeti ndilo lililomuua, basi gazeti likimwitika mbele ya watu, nao watamwitika. Mkewe angetoka, na yeye angerudi kwenye cherehani yake. Ilinibidi niende Kabambare, nisalimiwe, niitike. Hayo tu.

Shati lake lilikuwa limechanika mgongoni. Nilimpa langu jeupe, lenye doa la wino wa buluu mfukoni, nikamwahidi kwamba nitafika siku ya mkutano wa mwisho wa Jembe, na kwamba wiki hiyohiyo nitaandika masahihisho. Sikuandika. Mhariri alisema tusubiri kura zipite, nami sikubishana. Nilishusha pumzi, kusema kweli.

Kabambare nilikwenda, tena ndani ya gari la Hippolyte. Njiani nilimweleza yote. Hakukasirika. Alicheka kidogo, akasema Faradji ana faida zaidi hapo alipo. Kisha, tulipokaribia mji, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba vijana wenye fimbo kwenye kamyo iliyotufuata wanampenda sana Faradji wao, na hawatafurahi kusikia kwamba mtu aliwadanganya. Nikapandisha kioo cha dirisha, jua kali vile.

Kaburi lilikuwa kando ya barabara, mkabala na uwanja wa mkutano. Niliona lile jani. Hapakuwa na upepo hata kidogo, lakini jani lilikuwa likitikisika taratibu.

Hippolyte alihutubia, akasoma makala yangu. Alipofika kwenye neno la mwisho la marehemu, umati uligawanyika katikati. Hakuna aliyegeuza kichwa, hakuna aliyeombwa apishe, lakini njia ilifunguka, na Faradji akapita akichechemea, amevaa shati langu. Alisimama hatua mbili mbele yangu.

"Jambo, Bwana Placide," alisema.

Asani alikuwa amekaa mstari wa mbele, mzee wa kofia nyeupe. Hakumtazama mtoto wa ndugu yake. Alinitazama mimi. Wote walinitazama mimi, mamia ya watu, macho yao kwenye mdomo wangu.

Akanisalimia mara ya pili. Nyuma yangu Hippolyte akakohoa.

"Placide, ndugu yangu, jambo."

Neno moja lingetosha. Lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu, niliusikia uzito wake. Nikainamisha kichwa, nikafungua daftari, nikaandika tarehe. Mungu anisamehe, niliandika tarehe, kwa hati nzuri.

Hakupiga kelele. Alisema polepole, "Basi. Nimejua kwangu ni wapi." Akageuka, na watu wakafunga njia nyuma yake. Jioni nilimuuliza mwenye kivuko kama amemvusha. Alisema hakuvusha mtu yeyote.

Jembe ikashinda. Mimi nikaanza kukosa hamu ya kula. Mwanzoni mwa mwezi wa sita, mhariri alipokwenda Nyangwe, niliingiza mistari mitatu mwenyewe: Faradji wa Kabambare yu hai, gazeti lilikosea, tunaomba radhi. Siku zile chache nilijiona mtu mwema.

Leo asubuhi kamyo imeleta barua ya Asani.

"Bwana Placide, tulisoma gazeti yako, tukafurahi. Tulienda kuchimba, tutoe ule mugomba, Safi atoke ndani. Udongo ulikuwa mugumu, hakuna mutu aliugusa, na ile jani ilikuwa palepale. Mugomba hatukuuona. Tulikuta mutu. Amevaa shati nyeupe, iko na doa ya wino kwa mufuko. Tena, tangu gazeti yako ifike, kila saa sita mchana hodi inapigwa kwa mulango wa Safi, na sauti tunaijua. Gazeti inasema iko muzima. Sisi hatujui tena. Tuitike, ao tunyamaze?"

Zimebaki siku nne uhuru ufike, na mitaani watu wanapaka nyumba chokaa. Barua iko mezani, karibu na kikombe cha chai. Dereva anarudi Kabambare sasa hivi, ameahidi kupeleka jibu langu, na ameshapiga honi mara mbili. Karatasi iko mbele yangu, kalamu iko mkononi. Mpaka sasa nimeandika tarehe tu.