Jina la Mama kwa Mkono wa Baba

Baba yangu hakuwahi kumwita mama kwa jina lake. Alimwita Mama Beatha, kwa kuwa Beatha ni mimi, na mama naye akamwita Baba Beatha, hivyo jina langu likafanya kazi ya watu watatu. Ndiyo heshima ya kwetu Chome. Baba alikuwa mwinjilisti, na mwandiko wake ulisifika kote Upareni. Vyeti vya ubatizo aliviandika kwa kalamu ya nibu pana, herufi nene zinaposhuka na nyembamba zinapopanda, kila moja na kijiguu chake, zote zimelalia mbele. Aliandika majina ya watu mpaka alipofariki. La mama hakuliandika.

Baada ya mazishi, siku moja tukichambua maharage, mama aliniambia bila kunitazama, "Beatha, natamani kuliona jina langu kwa mkono wa baba yako. Hata mara moja tu."

Mimi kazi yangu ni herufi. Nina duka la kuchapa mjini Same, natengeneza kadi za harusi na mabango, na nazichukia kwa dhati zile fonti za mtandaoni zenye mikia isiyo na sababu. Nikaona hili ni dogo. Nikaazima vyeti kwa majirani, nikaviskani, na kimoja kilikuwa cha Dorkas fulani wa Maore. Dorkas, kama mama! Nikalikata jina, nikalisafisha, nikalichapa kwenye karatasi nzuri, nikapanda nalo Chome nikitabasamu peke yangu.

Mama akalitazama kidogo tu. "Hili ni la mwenzangu. Alikuwa anamfikiria yeye alipoliandika."

"Mama, Dorkas si ni Dorkas?"

"Kwa hiyo akija hapa mtoto wa jirani anaitwa Beatha, nimpokee kama wewe?"

Nilikasirika, tena sana. Niliteremka Same bila hata kunywa chai yake. Lakini hasira hasara, na njiani nikakubali kwamba ana haki. Jina lake halikuwa la kuazima. Ilibidi mkono wenyewe wa baba urudi, uweze kuandika neno lolote.

Basi nikaanza kutengeneza fonti. Nilizipanga a zote za baba, moja juu ya nyingine, nikazichora mpaka ikajitokeza a ambayo hakuiandika kwenye cheti chochote, na bado ilikuwa yake. Nikafanya hivyo kwa r, kwa k, kwa s yenye shingo ndefu. Siku zikawa hazina mipaka. Nikisinzia mezani mchana niliziona herufi zikitembea ukutani, taratibu, zikishikana mikono, na nikiamka nilikuta zimesimama kwenye kompyuta mahali tofauti na nilipoziacha, au mimi ndiye niliyesahau.

Lembris, mwenye bucha ya jirani, alizipenda, akataka bango. Nikamchapia "Nyama Safi". Akainamisha kichwa, akalitazama. "Dada Beatha, hii nyama mbona inakimbia?" Nilicheka, kisha nikaona ni kweli. Mwandiko wa mlazo si wa kupigia kelele barabarani. Ni wa jina la bibi harusi, la mtoto anayebatizwa, la jambo linalosemwa karibu na sikio.

Tatizo likabaki kwenye ule mlazo. Nikizisimamisha kidogo zilikuwa wanafunzi mstarini. Nikizilaza zaidi zilianguka. Nilihangaika mpaka asubuhi moja nilipokuwa napanda Chome kwa miguu, ukungu umeshuka kutoka mlima Shengena, njia haionekani. Mbele yangu walikuwepo watu wamebeba ndizi. Sikuziona nyuso wala miguu yao, niliiona migongo tu, yote imeinamia mlima kwa namna moja, ikielea. Nikasimama palepale. Baba alipanda njia hii maisha yake yote. Mkono wake uliandika jinsi mwili wake ulivyotembea.

Nilipozilaza herufi hivyo, zikatulia.

Nikampelekea mama laptopu. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka sebuleni, na mwanga wa kioo ukaufanya uso wake uonekane wa msichana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na nani leo?"

Nikaandika: Dorkas.

Mama akasogea karibu. Akaigusa D kwa kidole, akaifuata mpaka mwisho wa s. Nikamtazama, maana angesema huyu si baba nisingekuwa na njia nyingine.

"Ndiye," akasema. "Amechelewa, lakini ndiye."

Kisha akauliza, "Inaandika lolote?"

"Lolote, mama."

"Nionyeshe herufi kubwa inabonyezwaje. Na mimi nimjibu."

Akatafuta herufi kwa kidole kimoja, mojamoja. Nilitegemea aandike Baba Beatha. Akaandika E. Akaandika l. Nikashika mdomo, kwa sababu jina la mumewe lilikuwa mwiko kwake kama lake lilivyokuwa kwa baba.

"Eliufoo," akasoma kwa sauti.

Sikuwa nimewahi kulisikia likitoka kinywani mwake. Nililia waziwazi, sikujali. Mama hakugeuka. Aliliita tena, polepole, akawa anasikiliza kama ataitikiwa.