Usiku wa Bure Mikumi

Basi la kutoka Kilosa lilipopata pancha mara ya pili, Bonifas alifurahi, na furaha ile ikamtia aibu. Mama mkwe wake, Hildegarda, alikuwa amekaa kiti cha mbele kabisa; yeye alijibanza nyuma kabisa, kama adabu ya mkwe inavyotaka. Mama alikuwa ametoka kutibiwa macho hospitali ya Berega na sasa anarudi kwake Iringa, Bonifas akimsindikiza. Wakichelewa, basi la Iringa litawapita na watalazimika kulala Mikumi. Na kadi ya Bonifas ilikuwa inakwisha muda wake siku hiyo hiyo.

Kadi yenyewe ilikuwa balaa tupu. Mwaka ule soko huria lilikuwa limemfanya kila mtu awe na kitu cha kuuza, na hoteli mpya ya pale Mikumi ikauza uanachama: lipa ada mara moja, upate punguzo la chakula mwaka mzima, na usiku mmoja wa bure kwa watu wawili. Bonifas, ambaye punguzo humlevya kuliko pombe, akalipa kwa fedha za mabati ya kuezekea nyumba. Kisha akawa anapanda basi toka Kilosa kwenda kunywa soda kwa nusu bei! Mkewe, Angela, alivumilia mpaka masika yalipomnyeshea kitandani, akafunga mizigo akaenda kwa mama yake. Sasa neno la mama ndilo lingemrudisha au kumbakiza huko huko, na mama ndiye huyu.

Walifika Mikumi jua likizama. Basi la Iringa lilikuwa limekwishapita.

"Mama, usiwe na wasiwasi," alisema Bonifas akitazama chini. "Kuna hoteli nzuri hapa. Mimi ni mwanachama."

"Sawa, baba," alijibu mama.

Mapokezini alikuwepo dada mmoja, Yusrah. Aliikagua kadi, akatabasamu, akatoa ufunguo mmoja.

"Chumba kimoja, vitanda viwili."

"Mpe mama. Mimi nitajua pa kulala."

"Haiwezekani, kaka. Mwanachama lazima alale humo na mgeni wake, la sivyo chumba kinalipiwa. Watu wametuchezea sana, wanawauzia madereva usiku wao."

Bonifas aliinama juu ya kaunta, akanong'ona. "Dada, huyu ni mama mkwe wangu."

"Si mama tu huyo?" Yusrah alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Kuna shida gani?"

Shida gani! Mtu ambaye hajawahi hata kutafuna tonge mbele ya mama huyo, leo avue viatu chumbani mwake? Madereva wawili wa malori waligeuka kutazama. Bonifas akawaza haraka haraka: aingie kwa mlango, atoke kwa dirisha. Mama atalala pazuri, na kadi itakuwa imerudisha fedha yake. Lakini hata asionekane na mtu, mama mwenyewe atajua kwamba mkwewe alipita naye mlango mmoja ili mradi cha bure kisipotee. Usiku huu ndio aliokuwa ameutegemea uonyeshe kwamba hakuwa mjinga, na mkono wake ulikuwa umekwishaushika ufunguo.

Akaurudisha.

"Basi, dada. Tunashukuru."

"Kaka, kesho kadi hii haifanyi kazi tena!"

"Najua."

Alimpeleka mama kwenye nyumba ya wageni kando ya barabara, akamlipia chumba na wali maharage kwa nauli yake mwenyewe ya kurudi. Yeye angebembeleza lifti ya lori. Akasimama barazani, mbali kidogo na mlango, macho chini, akaaga. Mama akamwita.

"Baba."

"Naam, mama."

"Angela aliniambia, 'Mama, kwa ajili ya kadi ile, Bonifas atakulaza hata chumbani mwake.' Nilikuwa nangoja nione." Akakohoa kidogo. "Kesho nitamwambia amekosea. Nitamwambia arudi kwako."

Bonifas akachuchumaa pale pale barazani. Safari hii haikuwa adabu tu. "Ahsante, mama," alisema.